Skopu moja haiwezi kuhudumia wagonjwa 20 kwa siku

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niandike kuhusu usafi wa vifaa vya endoskopi katika kliniki zinazohudumia wagonjwa wa nje, hasa huku kwetu Tabora na mikoa jirani. Nazungumzia ule mpira mrefu mweusi wenye taa na kamera nchani, ambao daktari anaupitisha mdomoni hadi tumboni, au kupitia njia ya haja kubwa hadi kwenye utumbo mpana, ili aone kwa macho yake kilichomo. Wauguzi tunauita skopu, na ndilo jina nitakalolitumia. Mgonjwa anayepimwa kwa kifaa hiki amelala ubavu, koo limetiwa ganzi na kidude cha plastiki kimewekwa katikati ya meno asiing'ate kamera, kwa hiyo hana namna ya kuuliza skopu hiyo imetoka tumboni mwa nani na imesafishwaje. Swali hilo lazima liulizwe na watu wengine kwa niaba yake, na liulizwe kabla hajafika kitandani.

Nimefanya kazi ya uuguzi katika vyumba vya upasuaji na vya kutakasia vifaa kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na sasa nimestaafu. Hoja yangu ni moja. Idadi ya wagonjwa ambao kliniki inaweza kuwapima kwa siku haipangwi na wepesi wa mkono wa daktari, wala na urefu wa foleni. Inapangwa na muda unaohitajika kusafisha skopu baada ya mgonjwa mmoja na kabla ya mwingine. Kliniki yenye skopu moja ikipima wagonjwa 20 kwa siku, basi kuna hatua za usafishaji zilizorukwa, na anayejua kuhesabu dakika hahitaji kuwa mganga ili kulitambua hilo. Naomba mamlaka zinazotoa leseni na kukagua vituo vya afya zianze kuifanya hesabu hiyo.

Nisieleweke kwamba naipinga huduma yenyewe. Ukanda wa mashariki mwa Afrika, kuanzia Ethiopia kupitia Kenya na Tanzania hadi Malawi, unajulikana duniani kwa wingi wa saratani ya umio, na wagonjwa wake wengi hufika hospitali wakati hata uji haupiti. Wapo pia ndugu zetu wanaotapika damu kwa sababu kichocho cha tumbo kimeharibu mishipa ya ini hadi mishipa ya umio ikavimba, jambo linalofahamika sana kwa wanaoishi kandokando ya Ziwa Victoria, na wao huokolewa kwa kufungwa mishipa hiyo kwa kutumia skopu. Halafu kuna kundi kubwa la wenye vidonda vya tumbo, ambao wamekunywa dawa za kila duka bila kujua kama wana kidonda kweli au wana kitu kingine. Kwa miaka mingi mtu wa Tabora aliyeandikiwa kipimo hiki ilimbidi apande basi hadi Bugando, Mwanza, safari ya zaidi ya kilomita 300, akalale kwa ndugu kama anaye, au aende Muhimbili kama uwezo upo. Kwa hiyo kila skopu inayosogezwa karibu na wananchi ni jambo la kushukuru. Ninachotaka ni kwamba isogee pamoja na sinki lake, burashi zake, dawa zake na mtu aliyefunzwa kuitunza.

Ugumu wa skopu uko katika umbile lake. Mkasi wa upasuaji unasuguliwa, unafungwa, unawekwa kwenye otoklevu na kupikwa kwa mvuke wa nyuzi 121 au 134, na ukitoka humo umekwisha. Skopu nyingi hazivumilii joto hilo. Mpira na gundi huharibika na kamera hufa. Zaidi ya hapo, ndani yake mna mifereji myembamba inayopita urefu wote: mmoja wa kupitishia hewa na maji, mwingine wa kunyonyea majimaji ya tumbo na kupitishia koleo la kuchukulia kinyama, yaani kipande kidogo cha nyama cha kwenda kupimwa. Ni katika mifereji hiyo ambamo kamasi, damu na mabaki ya chakula hubaki, mahali ambapo jicho halifiki. Mama yeyote wa Kinyamwezi au wa Kisukuma aliyewahi kutunza maziwa katika kibuyu anajua kwamba kibuyu kinaweza kung'aa kwa nje huku maziwa ya jana yameganda ndani ya shingo yake, na kwamba ukimimina maziwa mapya juu ya hayo hujaokoa kitu. Uchafu ukikaukia ndani ya mfereji wa skopu, vijidudu hujijengea utando unaoshikamana na ukuta, na utando huo ukishakomaa, dawa ya kuulia vijidudu hupita juu yake bila kuwafikia waliomo.

Mtaalamu wa Marekani Earle Spaulding aliweka, zaidi ya nusu karne iliyopita, mgawanyo wa vifaa vya tiba ambao bado unatumika duniani kote. Kinachoingia kwenye damu au mahali pasipo na vijidudu mwilini lazima kitakaswe kabisa. Kinachogusa utando laini wa mwili, kama koo na tumbo, lazima angalau kipitie uuaji wa vijidudu wa kiwango cha juu. Kinachogusa ngozi isiyo na jeraha husafishwa kwa njia za kawaida. Skopu iko kundi la pili. Koleo linalokwenda na skopu liko kundi la kwanza, kwa sababu linakata nyama na kutoa damu. Kwa hiyo ama litumike mara moja na kutupwa, au, kama limetengenezwa kurudiwa, lipite kwenye otoklevu kila baada ya mgonjwa. Koleo la kutumia mara moja lililosuuzwa na kurudishwa kwenye trei ni hatari kuliko skopu yenyewe, na hilo halihitaji mjadala.

Sasa nije kwenye dakika. Kipimo kikiisha tu, kabla skopu haijaondolewa kwenye mashine, inapanguswa kwa nje na kunyonyeshwa maji yenye sabuni maalumu ili uchafu usipate nafasi ya kukauka. Inawekwa kwenye chombo chenye kifuniko na kupelekwa chumba cha kusafishia, ambacho hakipaswi kuwa kona ya chumba kilekile anacholala mgonjwa. Huko inapimwa kama inavuja: inajazwa hewa na kuzamishwa majini, na mapovu yakionekana, haitumiki tena hadi itengenezwe. Kisha inaanza kazi kubwa, ambayo ni kazi ya mikono. Vali zote zinatolewa, kila mfereji unaoingia burashi unapitishwa burashi yenye saizi yake, ndani na nje, mara kwa mara, hadi burashi itoke bila doa, na sabuni ya vimeng'enya, yaani ile inayomeng'enya damu na kamasi, inasukumwa ndani na kuachwa ifanye kazi kwa muda ulioandikwa na kiwanda. Sabuni hiyo humwagwa baada ya skopu moja. Kwa uzoefu wangu, mtu aliyezoea hawezi kuimaliza hatua hii kwa uaminifu chini ya dakika 20, na hatua hii ndiyo inayobeba kila kitu kinachofuata, kwa kuwa hakuna dawa inayoweza kuua kilichojificha chini ya uchafu.

Baada ya kusuuzwa, skopu inazamishwa kwenye dawa. Glutaraldehaidi ya asilimia 2 huhitaji dakika 20 kwa mujibu wa vyama vya kitaalamu. Othofthalaldehaidi ya asilimia 0.55 huhitaji kati ya dakika 5 na 12, kutegemea nchi iliyoidhinisha maelekezo yake. Dawa hizi hurudiwa kutumika, lakini huchoka. Nyingi kati ya zinazotumika zina kikomo cha siku 14 tangu kumiminwa, na hata kabla ya siku hizo zinaweza kuwa zimepungua nguvu kwa sababu kila skopu inaingia na maji yake. Ndiyo maana kuna vijikaratasi vya kupimia ukali wa dawa kabla ya kuitumia. Ile ya pili niliyoitaja hairuhusiwi kutumika ikishuka chini ya asilimia 0.3. Kisha skopu inasuuzwa tena kwa maji safi, mengi, na mifereji inapulizwa hewa yenye mgandamizo hadi ikauke. Viwango vipya vya Marekani, vya mwaka 2021, vinataka upulizaji huo usipungue dakika 10.

Jumlisha, msomaji. Upangusaji na usafirishaji, kipimo cha kuvuja, burashi, dawa, kusuuza mara mbili, kukausha: ni kama saa nzima kwa skopu moja, na hapo hakuna aliyekwenda kunywa chai. Ongeza dakika 10 hadi 15 za kipimo chenyewe, ikiwa mgonjwa ametulia na hakuna kinyama cha kuchukua. Siku ya kazi ya saa nane ina dakika 480. Skopu moja itahudumia wagonjwa sita. Skopu mbili zitahudumia kumi na wawili, kwa sharti kwamba kuna mtu wa kusafisha ambaye hana kazi nyingine siku hiyo. Wapo watakaosema kwamba kuna mashine zinazosafisha zenyewe, na ni kweli zipo, nazo husaidia sana kwa sababu hazisahau hatua na hazichoki. Ila mashine hizo nazo hudai muda wake, na skopu huingizwa humo baada ya kusuguliwa kwa mikono, si badala ya kusuguliwa.

Hesabu hii hufunikwa kabisa siku ambazo daktari bingwa anakuja kutoka mbali. Gari la matangazo limepita mitaani tangu juzi, redio imetangaza, watu wamefika kutoka Urambo, Sikonge na Kaliua wakiwa hawajala tangu usiku, na daktari ana tiketi ya kurudi. Nilimsindikiza shemeji yangu kwenye kliniki moja ya namna hiyo, mjini katika kanda yetu hii ya magharibi, ambayo sitaitaja. Tulikaa kwenye benchi lililotazama mlango. Kabla ya adhana ya adhuhuri walikuwa wamekwisha kuingia na kutoka zaidi ya watu kumi, na kila aliyetoka alifuatwa na mwingine ndani ya muda mfupi sana. Niliomba kwa adabu kumwona msimamizi, nikamuuliza wana skopu ngapi. Alinijibu bila kuficha kwamba ni moja, na kwamba wanaitia dawa kila mara. Sina shaka kwamba aliamini anachosema, na hakuwa mtu mbaya. Lakini kuitia dawa skopu ambayo haijasuguliwa ndani ni kufanya nusu ya mwisho ya kazi na kuiacha nusu ya kwanza. Nilimwambia shemeji tusubiri siku nyingine, na watu waliotuona tunaondoka walitushangaa kwa kuacha namba yetu.

Kwa hao wataalamu wanaosafiri na skopu, nina ombi la ziada. Lile sanduku lenye sponji ambalo skopu huja nalo kutoka kiwandani ni la kusafirishia, si la kuhifadhia. Sponji hunyonya unyevu na haiwezi kusafishwa. Skopu iliyofungiwa humo ikiwa na majimaji katika mfereji mmoja, ikasafiri usiku kucha ndani ya basi katika joto letu, itafika ikiwa na vijidudu vingi kuliko ilivyoondoka. Kwa hiyo skopu iliyosafiri hupitishwa hatua zote upya kabla ya mgonjwa wa kwanza wa asubuhi. Na ile inayobaki kituoni inaning'inizwa wima, ndani ya kabati lenye hewa, bila kukunjwa.

Maji ni suala ambalo kwetu halikwepeki. Tabora tumeteseka na uhaba wa maji kwa vizazi, na mradi uliotuletea maji ya Ziwa Victoria kupitia Nzega umetupa nafuu ambayo wazee wetu hawakuiota. Hata hivyo maji ya bomba, yawe mazuri namna gani kwa kunywa, hayana sifa ya kuwa maji ya mwisho kusuuzia skopu. Bakteria aina ya Pseudomonas hupenda sana mabomba na matangi, na hakuna faida ya kuua vijidudu vya mgonjwa kisha kuvirudishia mfereji vijidudu vya tangi. Maji ya kusuuzia mara ya mwisho yawe yamechujwa kwa kichujio cha kuzuia bakteria au yametakaswa. Na ile chupa ndogo ya maji inayoungwa kwenye skopu kwa ajili ya kuoshea kioo cha kamera, ambayo aghalabu husahaulika kwa sababu imekaa pembeni, nayo ijazwe maji yaliyotakaswa na yenyewe itakaswe angalau kila siku.

Lipo pia zoea la zamani la kutumbukiza kila kifaa kwenye maji ya klorini mara kinapotoka kwa mgonjwa. Wauguzi wa rika langu tulifundishwa kuloweka vifaa katika klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika kumi kabla ya kuviosha, na mafunzo hayo yalikuwa na sababu zake wakati huo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016 wa usafishaji wa vifaa tiba, lilieleza wazi kwamba kuloweka kabla ya kuosha hakupendekezwi: klorini hula chuma na mpira, na nguvu yake humezwa na damu na uchafu. Kwa skopu, ambayo bei yake ni mamilioni mengi ya shilingi, klorini ya kufulia ni njia ya haraka ya kuitoboa, na skopu iliyotoboka haisafishiki. Kama kuna kliniki ambayo bado inafanya hivyo, nawasihi wahusika waache leo.

Nimesema mengi kuhusu skopu, lakini tukio kubwa kuliko yote ninayoyafahamu katika kliniki za aina hii halikusababishwa na skopu. Mwaka 2008, katika jiji la Las Vegas nchini Marekani, mamlaka za afya ziliwaandikia zaidi ya watu 40,000 waliohudumiwa katika kliniki ya endoskopi, zikiwataka wakapime homa ya ini B na C pamoja na virusi vya UKIMWI. Uchunguzi ulionyesha kwamba dawa ya usingizi ilikuwa ikivutwa kutoka kwenye vichupa vilivyokusudiwa mgonjwa mmoja, kwa bomba la sindano ambalo lilikwisha kutumika kwa mgonjwa huyohuyo, kisha kilichobaki kichupani kikatumika kwa mgonjwa aliyefuata. Sindano ilibadilishwa, bomba halikubadilishwa, na kirusi kikapita. Kila kliniki ya kwetu inayotoa dawa ya usingizi kabla ya kipimo inapaswa kujiuliza kichupa chake kinaishia kwa nani. Dawa ni ghali, najua, na kumwaga kilichobaki kunauma. Lakini kichupa cha mgonjwa mmoja ni cha mgonjwa mmoja.

Hatari hii inatuhusu sisi zaidi kwa sababu homa ya ini B iko nyingi katika jamii yetu. Chanjo yake iliingizwa katika chanjo za watoto hapa nchini mwaka 2002. Kwa hiyo watu wazima wengi waliozaliwa kabla ya hapo, na ndio hasa wanaofika kupimwa vidonda vya tumbo na saratani, hawana kinga hiyo isipokuwa waliojitafutia wenyewe. Naongeza kwamba anayesafisha skopu naye apewe chanjo hiyo, glovu ndefu, aproni isiyopitisha maji na kinga ya macho, na chumba chake kiwe na hewa inayotoka, maana mvuke wa glutaraldehaidi huwasha macho na unaweza kumletea mtu pumu ya kudumu. Mara nyingi kazi hii hupewa mhudumu mdogo kuliko wote, bila mafunzo, kisha maambukizi yakitokea yeye ndiye wa kwanza kulaumiwa.

Katika tukio la Las Vegas, watu wale waliweza kutafutwa kwa sababu kumbukumbu zao zilikuwepo. Nauliza: ikitokea leo kwamba mgonjwa mmoja aliyepimwa katika kliniki fulani ya Tabora amegundulika na maambukizi ya hatari, je, tutaweza kuwajua waliopimwa kwa skopu hiyohiyo baada yake? Hili ndilo linalonifanya nisisitize daftari. Kila skopu ina namba yake ya kiwanda. Daftari liandike namba hiyo, tarehe, namba ya mgonjwa, saa kipimo kilipoisha, saa skopu ilipoingia kwenye dawa na saa ilipotoka, matokeo ya kijikaratasi cha kupimia dawa, na saini ya aliyesafisha. Daftari la namna hii halihitaji kompyuta wala umeme. Linahitaji rula na kalamu. Na likishakuwepo, mkaguzi ana ushahidi ambao hauwezi kupambwa asubuhi ya ukaguzi kwa kupiga deki na kubadilisha mapazia, kwa sababu saa zilizoandikwa ama zinaingiana ama haziingiani.

Msingi wa kisheria haupungui. Hospitali na kliniki binafsi zinasimamiwa kwa sheria ya mwaka 1977 na marekebisho yake. Wizara ya Afya ina mwongozo wa taifa wa kukinga na kudhibiti maambukizi, na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ina wajibu wa kusimamia vifaa vinavyoingia nchini. Kinachokosekana, kwa maoni yangu, ni kuifikisha misingi hiyo hadi kwenye skopu. Mkaguzi akija huangalia vyoo, ndoo za taka zenye rangi tatu, kisanduku cha sindano na vyeti ukutani, na ni sawa aviangalie. Ila ni nadra kumwona mkaguzi akiomba kuonyeshwa burashi ya mfereji, au akiuliza dawa iliyomo kwenye beseni ilimiminwa lini.

Najua jibu nitakalopewa na wenye kliniki, na ninaliheshimu. Watasema kwamba masharti yakiwa magumu watafunga, na wagonjwa watarudi kupanda basi la Mwanza. Watasema kwamba kinachotozwa kwa kipimo, au kinacholipwa na bima, hakitoshi kununua sabuni ya vimeng'enya, vijikaratasi na burashi, sembuse skopu ya pili. Hapo wana hoja, na sidhani kwamba mzigo huo ni wao peke yao. Bohari ya Dawa ina ghala la kanda hapahapa Tabora. Kama vifaa vya kusafishia skopu vingepatikana humo kwa uhakika na kwa bei ya jumla, kliniki ndogo isingelazimika kuagiza chupa moja ya sabuni kutoka Dar es Salaam kwa bei ya kukata tamaa. Mifuko ya bima nayo, inapopanga bei ya kipimo hiki, ihesabu usafishaji kuwa sehemu ya kipimo, si jambo la hiari ya mwenye kituo. Lakini hoja ya gharama haiwezi kutumika kuhalalisha wagonjwa 20 kwa skopu moja. Kliniki isiyomudu skopu ya pili ipime wagonjwa sita, na wengine wapangiwe siku. Wagonjwa wengi wa kipimo hiki wanaweza kusubiri wiki moja bila madhara. Anayetapika damu hawezi kusubiri, na kwa yeye mahali panapofaa ni hospitali yenye damu na wodi, si kliniki ya wagonjwa wa nje.

Na sisi wagonjwa na ndugu wa wagonjwa tuna haki ya kuuliza kabla ya kulipia. Mnazo skopu ngapi? Leo mnapima watu wangapi? Nani anasafisha, na anasafishia wapi? Maswali haya yaulizwe kwa upole, pale mapokezi, kama tunavyouliza bei. Muuguzi anayefanya kazi yake vizuri hatakasirika. Mara nyingi atafurahi kwamba kuna mtu ametambua kazi ambayo haionekani, na atakuonyesha kabati lenye skopu zilizoning'inizwa.

Kwa Mganga Mkuu wa Mkoa na timu za afya za halmashauri zetu ombi langu ni mahususi. Kabla leseni za kliniki hizi hazijahuishwa tena, wakaguzi wafike katika kila kituo kinachofanya endoskopi, cha umma na cha binafsi, wahesabu skopu zilizopo na kusoma namba zake, kisha wachukue rejista ya wagonjwa ya siku yoyote yenye watu wengi, hususan siku za madaktari wageni, na kuilinganisha na idadi hiyo. Kila leseni iandikwe idadi ya skopu ambazo kituo kinazo na idadi ya juu ya wagonjwa kwa siku inayotokana nazo. Hospitali yenye maabara ya kuotesha vijidudu iombwe kupokea maji yaliyosukumwa kwenye mifereji ya skopu za vituo vyote vya mkoa na kuyapima angalau kila miezi 3, kama wataalamu wa Ulaya wanavyoshauri. Kituo ambacho hakina daftari la usafishaji kipewe muda mfupi wa kulianzisha, kikisaidiwa badala ya kutishwa, na katika muda huo kisipokee wagonjwa zaidi ya wale ambao skopu zake zinaweza kuwahudumia kwa hesabu niliyoieleza.

Wako katika huduma,

Muuguzi mstaafu,
Isevya, Tabora.